Tisa kwa Ishirini

Mansfield, 10 Februari

Ndugu Balthazar,

Nakuomba radhi kwa kimya cha miezi kumi. Mwanzo huu umeniwia mgumu, kwa sababu kwa miaka thelathini na minne mimi ndiye niliyekuwa nikiombwa radhi na wanafunzi. Lakini kosa ni langu, nami nitalitaja waziwazi.

Aprili iliyopita tulikuwa tumefika ubeti wa nne wa shairi letu la majira ya machipuko. Ulipouleta, niliusoma nikiwa na kalamu nyekundu, na mkono ukafanya kile ulichokizoea. Nilizungushia duara mstari huu:

*Gari liko uani, limegeuka mandazi*

Pembeni nikaandika: "Kipande cha kwanza kina silabi saba badala ya nane. Gari haligeuki mandazi. 9/20." Kisha nikairudisha karatasi hiyo kwa posta. Nilimrudishia mtu mzima, mwenzangu, ambaye amenifurahisha kwa beti zake tangu tulipokutana kwenye matanga ya marehemu Modestus kule Arlington. Jibu lako lilikuwa maneno matatu: "Asante kwa alama." Niliyachukulia kuwa shukrani. Wawira, mke wa mwanangu, ndiye aliyenifumbua macho. "Mama," akasema, "huyo mzee umemchoma. Mtu wa umri wake hapewi tisa kwa ishirini." Tangu siku hiyo nimeona haya kukuandikia.

Sasa sina tena muda wa kuona haya. Mwanangu Sheldon amenikatia tiketi ya kurudi Kisii tarehe 28 Mei. Nimeiomba mwenyewe, na sitarajii kurejea. Sina ugomvi na mtu yeyote. Hapa wananitunza vizuri. Lakini nyumba hii nikisema Kiswahili hujibiwa kwa Kiingereza, na mtaa mzima hakuna anayehitaji mwalimu wa Kiswahili. Mtu asiyehitajika ni heri akae penye migomba yake.

Kabla sijaondoka ningependa tumalize shairi moja. Masharti ni yale yale: mistari minne, silabi nane kwa kila kipande, vina vitunzwe, na kila ubeti uanze kwa maneno yaliyofunga ubeti uliotangulia, kama mkufu. Naanza:

*Baridi imeondoka, jua limo uwanjani,*
*Gogo kavu lachipuka, kijani ki matawini,*
*Ndege nao waamka, wagomba madirishani,*
*Machipuko yamefika, yabisha hodi nyumbani.*

Usipojibu, nitaelewa.

Mwalimu Truphosa Onyancha


Houston, 21 Februari

Mama Mwalimu,

Amani ya Bwana iwe nawe.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sikuelewa unaomba radhi ya nini. Mimi ndiye niliyekaa miezi kumi nikijiuliza nimekukosea wapi. Ubeti wa nne ulikuwa wa upande wetu, wa tano ulikuwa wako. Mkufu ni zamu, na mtu haruki zamu ya mwenzake. Nikasubiri. Mwezi wa sita nikasema, Mwalimu amesafiri. Mwezi wa tisa nikasema, Mwalimu anaumwa. Krismasi nikakuwashia mshumaa kanisani. Kumbe mzima!

Na ile "asante kwa alama" ilikuwa asante ya kweli. Sikuchomwa hata kidogo. Karatasi yako iko kwenye mlango wa frigo letu la jikoni, imeshikwa na sumaku nne, na kila mgeni anaonyeshwa kabla hajapewa maji. Kwa nini, nitakueleza siku nyingine. Leo bado naiogopa kalamu yako.

Sasa tuje kwenye hilo la machipuko kubisha hodi kwako tarehe 10 Februari. Mwalimu mzima unasema uongo! Huko kwenu bado mlikuwa mnakwangua barafu kwenye vioo vya magari. Machipuko hutoka baharini, Mama. Hufika Houston kwanza, hula, hulala, halafu ndipo hupanda barabara kuu namba arobaini na tano kuja kwenu, yamekwisha kuchoka.

Huu wangu nimeutunga kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Unajua mimi sihesabu silabi kwa vidole. Nakunja mashuka. Shuka kubwa lina mikunjo minane. Likikaa sawa, najua kipande kimetimia.

*Yabisha hodi nyumbani, baada ya kula kwetu,*
*Mwezi mzima jikoni, yakipakua vya watu,*
*Yakashiba kwa sahani, yakavaa na viatu,*
*Mnachopata jirani, ni makombo, siyo kitu.*

Habari ya tiketi sisemi neno. Tarehe nimeiona.

Ni mimi,
Balthazar wa mashuka


Mansfield, 4 Machi

Ndugu Balthazar,

Umenitua mzigo, kisha ukanitukana. Nimepokea vyote viwili.

Ni kweli barafu ilikuwapo. Ushairi una ruhusa zake, nami nilizitumia. Ubeti wako nimeuhesabu mara tatu nikitafuta kosa, na sikulipata. Sikusifu, natoa taarifa.

Sasa sikiliza. Waafrika Mashariki wa Dallas, huku kwetu, na wa Houston watakutana Jumamosi tarehe 18 Aprili katika bustani moja pale Centerville, nusu ya njia, ili pasiwe na upande wa kulalamika. Mwenyekiti wa upande wetu, kijana aitwaye Lenny Kiprop, alinipigia simu. "Mwalimu, tunaomba useme kitu kidogo cha kitamaduni. Dakika mbili tu. Kwa Kiingereza, ili watoto waelewe."

Nikamwambia: "Kitasemwa kwa Kiswahili. Dakika tano. Watoto watanyamaza."

"Sawa, Mwalimu," akasema. Nadhani alikuwa amesimama wima.

Nimekuandikisha bila kukuuliza. Tutasimama wawili, tutalumbana Houston na Dallas, kila mtu kwa beti zake. Hilo litakuwa jambo langu la mwisho katika nchi hii, na nataka liwe kamili. Sitaki maneno ya kuokota njiani, sitaki Kiingereza, na sitaki mandazi. Jibu lako hili hapa:

*Ni makombo, siyo kitu, hayo ni yako kusema,*
*Mbu wenu kama chatu, wauma bila huruma,*
*Maua ya njia kwetu, yasimama wima wima,*
*Mzee, funga viatu, panda uje kutazama.*

Maua ninayoyasema ni yale ya buluu ya kando ya barabara. Huku yameanza kufunguka. Safari hii si uongo, muulize Wawira.

Mwalimu Truphosa Onyancha


Houston, 16 Machi

Mama Mwalimu,

Kaa kwanza kwenye kiti.

Sitasimama Centerville. Si ugonjwa, mimi mzima. Ni hivi: ule ubeti wa mandazi haukuwa wangu. Ulikuwa wa mjukuu wangu Alida.

Alida ana miaka kumi na minane. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akaja hapa mgongoni kwa mama yake. Kiangazi cha mwaka juzi alipata kibarua pale hotelini, tukawa tunakunja pamoja, mimi nimeshika upande huu wa shuka, yeye upande ule. Mimi natunga kwa sauti, yeye ananijibu Kiingereza kama wenzake wote. Siku moja akanijibu kwa kipande cha silabi nane, na kina juu yake. Nikaliachia shuka likaanguka.

Mwaka jana nikauweka ubeti wake ndani ya barua yangu, nikanyamaza. Ningekwambia ni wa mtoto, ungempa kumi na nane za huruma. Huku watoto wanasifiwa hata kwa kufunga kamba za viatu. Nilitaka alama za kweli, na wewe ulimpa tisa. Alikaa jikoni na ile karatasi saa nzima. Nikadhani analia, nikaenda kumbembeleza. Akanyanyua uso: "Babu, hizi kumi na moja nyingine ziko wapi? Nazipataje?"

Hakuna mtu aliyewahi kumsahihisha Kiswahili chake, Mama. Wote humwambia "vizuri sana," halafu wanageuka Kiingereza. Wewe ulimshika kama mtu anayeweza. Ndiyo maana ile karatasi iko kwenye frigo. Nilitaka kukwambia mapema, lakini hukuandika, na zamu ilikuwa yako.

Ubeti wa pili wa mwaka huu ni wangu, naapa kwa mashuka yote ya hoteli. Huu wa nne ni wake tena. Naomba asimame yeye mahali pangu. Najua umesema unataka jambo kamili. Ukikataa, nitakuja mwenyewe na viatu vyangu.

*Panda uje kutazama, gari langu la manjano,*
*Babu chafya zamwandama, apiga kumi na tano,*
*Saa nayo imehama, yakimbia mashindano,*
*Machipuko si salama, leteni leso na neno.*

Hiyo saa ni ile waliyotusogezea mbele Jumapili ya juzi. Nilichelewa misa. Kijibarua chake nimekiambatisha. Sijakisoma, amekifunga kwa gundi.

Balthazar


Houston, 16 Machi

Shikamoo Bibi Mwalimu,

Babu anasema nisiweke Kiingereza hata kimoja. Nitajaribu.

Mimi ndiye wa mandazi. Nataka kukueleza, siyo kubishana. Ile gari ilikuwa Corolla ya Babu. Asubuhi moja ililala chini ya mti, tukatoka tukaikuta imejaa vumbi la maua, manjano yote, hata taa. Mama yangu akitoa mandazi kwenye mafuta yanakuwa rangi ile ile kabisa, na yanavimba hivyo hivyo. Basi nikaandika nilichoona. Silabi saba ni kosa langu, nimekubali. Lakini mandazi mimi bado nayaona.

Shuleni nikisema najua Kiswahili wananiambia niseme kitu, halafu wanacheka kabla sijamaliza. Sijawahi kukisema mbele ya watu wengi. Naogopa. Lakini nataka. Kama nimekosea nisahihishe hata mbele yao, ila usinitoe.

Na tafadhali usinipe alama za bure. Nitajua.

Alida


Mansfield, 25 Machi

Alida,

Marahaba.

Kazi yako nimeisahihisha. Umepata 16/20. Alama mbili nimezikata kwa mwandiko, ambao ni wa mtu anayekimbizwa. Mbili nimezikata kwa sababu juu ya karatasi uliandika "sorry," ukalifuta vibaya, nami nikaliona. Katika ubeti wenyewe sikupata cha kukata, jambo ambalo limeniudhi kidogo.

Kuhusu mandazi. Juzi asubuhi Wawira alirudi kutoka zamu hospitalini. Gari lake lilikuwa limelala chini ya miti ya mialoni, manjano tupu. Nilikuwa nimesimama barazani na kikombe cha chai, nikalitazama likiingia uani, na neno likanitoka peke yake: "Mandazi." Wawira akadhani naomba chakula.

Miezi kumi nimekuwa nikilifukuza neno hilo kichwani, nalo linarudi. Mstari mbaya haurudi. Niliandika kwamba gari haligeuki mandazi kabla sijalitazama gari. Hilo ni kosa la mwalimu, na mwalimu akikosea husahihishwa kwa wino ule ule. Ndiyo sababu sentensi hii nimeiandika kwa kalamu nyekundu.

Utasimama. Hutashika karatasi. Utavaa viatu visivyopiga kelele. Hutaanza mpaka watu wanyamaze. Wasiponyamaza, watazame tu, usiseme kitu. Hivyo ndivyo nilivyonyamazisha madarasa ya watoto sitini. Wewe utasema ubeti wa babu yako na wa kwako, mimi nitasema yangu. Ukisahau, sitakunong'oneza. Wanaonong'onezwa hawajifunzi kukumbuka.

Nimeufunga mkufu kwa ubeti wa tano. Utaona nimechukua kitu chako na kukiweka mahali pake:

*Leteni leso na neno, gari li kama mandazi,*
*Nimeshindwa mashindano, mtoto huyu mjuzi,*
*Lugha ni mti mnono, na huku una mizizi,*
*Machipuko ni mavuno, ya aliyepanda juzi.*

Mwambie babu yako nimemkasirikia sana. Nimetubu miezi kumi kwa dhambi ambayo watu waliibandika kwenye friji.

Mwalimu Truphosa Onyancha


Houston, 20 Aprili

Mama Mwalimu,

Sauti yangu, niliyoimaliza kwa kushangilia Jumamosi, bado haijarudi, kwa hiyo barua hii ni nusu ya mazungumzo yangu yote ya leo. Mama yake Alida, binti yangu Dévote, yeye sauti anayo. Ametangaza habari za Centerville kwenye misa mbili na kwenye foleni ya duka.

Nilipoona watu wazima wanapangusa machozi ya kicheko kwenye mandazi, nilitaka nipande kwenye meza niwaambie wote: mstari huu ulipata tisa! Dévote akanivuta koti.

Yule Lenny wenu akanijia na sahani yake ya nyama. "Mzee, huyu msichana Kiswahili amesomea wapi?"

Nikamjibu: "Chumba cha kufulia, na posta."

Lazima nikuungamie jambo. Ubeti wa nne, pale alipofika kwenye saa, akakwama. Watu wote wakamtazama yeye. Nilikutazama wewe. Ulikuwa hatua moja tu kutoka kwake na maneno unayajua, hukufungua mdomo. Nilikuchukia, Mama, kwa muda wa kukunja shuka moja. Kisha akaendelea mwenyewe, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, na nikaona unatazama chini, kwenye viatu vyako, ili watu wasikuone uso. Nikakusamehe.

Safari yote ya kurudi alikuwa anaendesha na kuimba beti zako. Nilikaa kiti cha nyuma kama waziri.

Sasa habari nyingine. Vyuo viwili vimemkubali, kimoja hapa Houston, kimoja Richardson kwenu. Mimi na Dévote tulidhani ni Houston, nyumbani, chakula cha mama. Jana amechagua Richardson. Anasema kutoka Richardson mpaka Mansfield ni saa moja kwa gari, na Corolla nimempa. Anauliza kama kuanzia Agosti una nafasi siku za Jumamosi. Anasema pale Centerville watoto wanne walimfuata kumwuliza darasa liko wapi, naye hakujua la kuwajibu.

Tarehe 28 Mei anaijua. Nilimkataza asiulize. Ameuliza.

Balthazar


Mansfield, 27 Aprili

Ndugu Balthazar,

Kwanza sahihisho. Alida hakukwama. Alivuta pumzi. Katika miaka yangu ya kazi nimewaona wanafunzi wengi waliosahau, na wachache sana wanaowafanya watu wasubiri. Nawatambua wote. Huyo wako ni wa aina ya pili, na hajui bado. Usimwambie, ataanza kufanya makusudi.

Kuhusu viatu vyangu, nilikuwa naangalia kama vina vumbi. Vilikuwa nalo.

Nitakwambia jambo ambalo sikulisema pale uwanjani kwa sababu watu walikuwa wengi. Nimesimamisha wanafunzi mbele ya wakaguzi, mbele ya maaskofu, na mara moja mbele ya waziri. Sijawahi kusimama karibu na mwanafunzi nikaona fahari kama ile ya Jumamosi. Na wala hakuwa mwanafunzi wangu. Nilimsahihishia karatasi mbili tu. Moja niliisahihisha vibaya.

Mjukuu wangu mdogo, Kezia, ana miaka tisa. Tangu Centerville, kila mtu akipiga chafya humu ndani, yeye hupaza sauti: "Leteni leso na neno!" Na kwa majira haya, chafya humu ndani hazihesabiki. Jana alikuja mezani kwangu na karatasi. Alikuwa ameandika mstari mmoja kuhusu kunguru na pipa la taka. Silabi kumi na moja, vina hakuna, na kunguru amemwandika kwa herufi kubwa kana kwamba ni mtu wa heshima. Nimempa 3/20.

Ameibandika kwenye friji.

Sheldon ameniuliza mara mbili habari ya tiketi. Nimemjibu kwamba mwalimu hatoi matokeo kabla hajamaliza kusahihisha. Usidhani jambo ni jepesi. Kisii nina nyumba, nina migomba, na kaburi la mume wangu liko upande wa kusini wa uwanja, ambako nilikusudia kukaa jioni zangu. Hayo siyaachi kwa sababu watu walipiga makofi mara moja kwenye bustani.

Lakini niseme na hili, kwa kuwa nimeamua kutokuficha mambo tena. Kalamu yangu nyekundu imekauka. Kunguru wa Kezia ndiye aliyeimaliza. Nilimtuma Wawira dukani aniletee moja, akarudi na pakiti ya kalamu kumi na mbili. Akasema, "Mama, huku hawauzi moja." Nimezipanga mezani, nikazitazama kwa muda mrefu. Hata mwalimu mwenye mkono mzito kama mimi hamalizi kalamu kumi na mbili katika siku thelathini na moja.

Hilo usilichukulie kuwa jibu. Mwambie Alida arekebishe mwandiko wake wakati anangoja. Nikishaamua, nitakuandikia, na safari hii huna haja ya kuniwashia mshumaa, kwa maana najua vizuri kabisa kwamba zamu ni yangu.

Mwalimu Truphosa Onyancha